Tusiyadharau matundu ya ndani ya mifumo ya kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalohusu kompyuta za ofisi, vyuo na hospitali zetu, jambo ambalo linapuuzwa hasa kwa sababu halijaelezwa vya kutosha. Kila inapozungumzwa habari ya usalama wa kompyuta, wananchi hukumbushwa kuweka nywila ngumu, wasibonyeze viungo wasivyovijua na wasimtajie mtu namba zao za siri. Maneno hayo ni ya kweli na yaendelee kusemwa. Hata hivyo, yote yanamlenga mtu aliye nje anayetafuta njia ya kuingia. Mimi nimesimamia seva na maabara za kompyuta kwa miaka mingi, na ninachotaka kukisema leo kinamhusu mtu ambaye ameshaingia, tena mara nyingi ameingia kwa haki, kwa nywila aliyopewa na ofisi yenyewe.

Kila mfumo endeshi, uwe Windows, Linux, macOS au Android, huwagawa watumiaji wake kwa ngazi. Mtumiaji wa kawaida hufungua mafaili yake, huandika, huchapisha, lakini hawezi kusoma faili la mwenzake alilolifunga wala kugusa programu za mfumo wenyewe. Juu yake yuko msimamizi, ambaye katika Linux huitwa root, na huyo karibu hazuiwi na chochote: husoma kila faili, hufuta kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi, huzima programu za kupambana na virusi, hufungua akaunti mpya na kuzificha. Ukuta uliopo kati ya hao wawili ndio unaowezesha watu mia tatu kutumia seva moja bila kudhuriana. Udhaifu ninaouzungumzia ni ufa katika ukuta huo, yaani kosa katika programu ambalo humwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha mamlaka mpaka akawa msimamizi, bila kuijua nywila ya msimamizi na bila mtu yeyote kumwidhinisha.

Ukuta huo hauwezi kujengwa bila mlango. Hata kubadilisha nywila yako mwenyewe kunahitaji kuandika katika faili ambalo ni mali ya msimamizi. Katika miaka ya 1970, Dennis Ritchie wa Bell Labs, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alibuni njia ya kulitatua hilo, na hataza ya ubunifu wake ilitolewa Marekani mwaka 1979: programu fulani inapewa alama maalumu, na yeyote anayeianzisha, programu hiyo hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye programu, wala si kwa mamlaka ya aliyeianzisha. Naifananisha na karani aliyekabidhiwa muhuri wa mkuu wa ofisi. Kila mwananchi anaweza kufika dirishani kwake, naye atagonga muhuri pale tu utaratibu unaporuhusu. Mpango huo ni mzuri, na Linux inautumia hadi leo, lakini usalama wake wote unategemea karani asiyeweza kudanganywa.

Karani mmoja wa aina hiyo anaitwa pkexec. Ni programu ndogo iliyomo ndani ya kifurushi cha polkit, ambacho huja pamoja na Ubuntu, Debian, Fedora, CentOS na matoleo mengine mengi ya Linux, kwa hiyo imo katika seva nyingi ambazo hata wenye nazo hawajapata kulisikia jina lake. Tarehe 25 Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kwamba karani huyu anaweza kudanganywa, na kwamba amekuwa hivyo tangu toleo lake la kwanza la Mei 2009. Kwa karibu miaka 13, kila mwenye akaunti ya kawaida katika mashine hizo alikuwa na njia ya kuwa root, kama angeijua. Udhaifu huo ukapewa jina la PwnKit.

Naomba wasomaji wanivumilie nieleze ulivyofanya kazi, kwa sababu ukiuelewa huu mmoja, mingine yote haitakuwa migeni kwako. Programu inapoanzishwa katika Linux hukabidhiwa orodha mbili zinazofuatana katika kumbukumbu ya kompyuta. Orodha ya kwanza ni maneno ya amri yenyewe, na ya pili ni ya mazingira, yaani mipangilio ambayo mtumiaji anakuja nayo. Kwa desturi orodha ya kwanza haikosi walau neno moja, ambalo ni jina la programu, na aliyeiandika pkexec aliichukua desturi hiyo kama kanuni isiyovunjwa. Lakini Linux ya wakati ule ilimruhusu mtu kuanzisha programu kwa orodha tupu. Akifanya hivyo, pkexec ilikwenda kutafuta neno la amri mahali ambapo halikuwapo, ikavuka mpaka wa orodha ya kwanza, ikasoma kilichoandikwa katika orodha ya pili ikidhani ni amri, kisha ikaandika juu yake.

Hapo ndipo penye hatari. Kabla programu yenye muhuri haijaanza kazi, mfumo huipekua orodha ya mazingira na kuondoa mipangilio inayoweza kuleta madhara, kama mlinzi anavyompekua mtu getini. Kosa la pkexec lilimpa mtumiaji nafasi ya kuurudisha ndani mpangilio uliokwisha kuondolewa, wakati upekuzi umeshapita. Mpangilio uliotumika, GCONV_PATH, huieleza programu ni wapi pa kuchukua maktaba ya kubadili herufi pale inapotaka kuandika ujumbe wa kosa. Mtumiaji huuelekeza kwenye folda yake mwenyewe, alimoweka programu aliyoiandika yeye, kisha humfanya karani akosee kwa makusudi ili alazimike kuandika ujumbe. Karani anaifuata ile folda, anaichukua programu ya mgeni na kuiendesha akiwa na muhuri wa mkuu mkononi.

Mtaalamu aitwaye Ryan Mallon aliigundua tabia hii hii ya pkexec ya kuvuka mpaka wa orodha na kuiandikia mwaka 2013, ila hakupata namna ya kuigeuza kuwa njia ya kujipandisha mamlaka. Kosa lilikuwa limeonekana, likabaki pale pale kwa miaka mingine minane.

Sasa niseme lililonifika mimi. Wakati ule nilikuwa nasimamia maabara katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa na seva moja ya Linux ambamo wanafunzi wapatao mia tatu walikuwa na akaunti za kufanyia mazoezi ya kuandika programu, na katika seva hiyo hiyo, kwa sababu ya uhaba wa vifaa, palihifadhiwa alama zao za mazoezi ya muhula. Tangazo la PwnKit lilipotoka niliandika barua pepe kuomba kibali cha kusasisha polkit, nikaeleza kwamba hata kabla ya masasisho kufika ipo amri ya mstari mmoja inayomnyang'anya karani muhuri wake, na kwamba seva haitahitaji kuzimwa. Jibu lililokuja lilisema kwamba seva ile haionekani kutoka nje ya chuo, kwa hiyo hakuna dharura, na kazi isubiri likizo. Utaratibu haukuniruhusu kuigusa mashine ile bila kibali, nami nikanyamaza. Ningepaswa kwenda ofisini kwao siku ile ile na kulieleza jambo hilo ana kwa ana.

Wiki chache baadaye kijana mmoja wa mwaka wa pili alifika mezani kwangu baada ya kipindi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Naomba dakika mbili nikuonyeshe kitu kwenye seva." Akaketi, akaingia kwa akaunti yake, akaandika amri ya kuuliza yeye ni nani, na seva ikajibu kwa namba yake ya usajili. Mstari wake wa amri uliishia na alama ya dola, kama ya mtumiaji yeyote. Kisha akaendesha programu fupi aliyokuwa ameihifadhi katika folda yake. Seva haikuomba nywila wala haikusita. Mstari mpya ukatokea ukiishia na alama ya reli. Akauliza tena yeye ni nani, na seva ikajibu kwa neno moja: root. Akaondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka magotini.

"Sijafungua kitu, Mwalimu. Nimekuja kwako kwanza."

Nikamuuliza ni wangapi wanaojua. Akasema hana hakika, kwa kuwa programu ile iko mtandaoni na kazi ni kuinakili tu. Alisema kweli. Saa chache tu baada ya tangazo la Qualys, watu walikuwa wameshachapisha programu zinazoutumia udhaifu huo, na mtu hakuhitaji kuelewa hata mstari mmoja wake ili imfanyie kazi.

Jioni ile kibali kilipatikana, na kusasisha kukachukua chini ya dakika kumi. Lakini yule kijana aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaulizwa kwa nini alijaribu, akapewa onyo la maandishi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlango uliachwa wazi kwa wiki zote zile na hali tangazo lilikuwa limesomwa. Najua kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na sitetei mtu kujaribu seva za watu kwa udadisi. Nasema tu kwamba chuo kilimwadhibu mtu pekee aliyetuambia ukweli, na wengine waliokuwa darasani siku ile wamejifunza kunyamaza.

Lile jibu la kwamba "seva haionekani kutoka nje" nimelisikia mara nyingi baada ya hapo, kwa maneno tofauti, katika ofisi tofauti. Chanzo chake nadhani nakifahamu. Udhaifu wa kompyuta hupewa alama kati ya 0 na 10 kwa kadiri ya uzito wake, na ule unaomtaka mshambuliaji awe ameshaingia ndani ya mashine hupata alama pungufu. PwnKit ilipata 7.8. Udhaifu wa programu ya sudo, karani mwingine wa Linux mwenye muhuri, uliotangazwa Januari 2021, ambao ulikuwamo tangu Julai 2011, nao ulipata 7.8. Basi afisa mwenye orodha ndefu na mafundi wawili huanza na za 9 na 10, na hizi za 7.8 zinasubiri likizo. Hesabu hiyo inakosea kwa kuupima kila udhaifu peke yake, ilhali washambuliaji huutumia mmoja baada ya mwingine. Tundu la nje, liwe la tovuti iliyoandikwa vibaya au nywila ya mhudumu mmoja iliyovuja, humfikisha mshambuliaji katika akaunti dhaifu ambayo yenyewe haina faida kubwa kwake. Tundu la ndani ndilo linalomkabidhi mashine nzima. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 na iliyolenga mitambo ya kurutubisha urani nchini Iran, ilibeba aina mbili za udhaifu wa Windows wa kujipandisha mamlaka, ambazo zote hazikuwa zikijulikana kabla yake. Walioiandika hawakuyaona matundu ya ndani kuwa madogo. Mwezi Juni 2022 serikali ya Marekani nayo iliiweka PwnKit katika orodha yake ya udhaifu unaotumika kweli katika mashambulizi.

Kuna na jambo jingine ambalo alama hizo hazilionyeshi. Aliyekwisha kuwa msimamizi anaumiliki pia ushahidi. Faili linaloandika nani aliingia na alifanya nini liko chini ya mkono wake, na anaweza kulifuta au kulirekebisha liseme atakavyo. Ndiyo maana ofisi nyingi zinaposema hazijawahi kuingiliwa, mimi husikia kwamba hazijawahi kuona.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Linux na ofisi zao zinatumia Windows. Julai 2021 ilibainika kwamba katika matoleo ya Windows 10 kuanzia lile liitwalo 1809, mafaili yanayohifadhi nywila za watumiaji zikiwa katika hali ya kufumbwa yalikuwa yakisomeka na mtumiaji wa kawaida, kwa sababu tu ya ruhusa zilizowekwa vibaya. Novemba 2017, katika macOS High Sierra, mtu aliweza kuandika neno root katika nafasi ya jina, akaiacha nafasi ya nywila tupu, akabonyeza kitufe mara moja au mbili, na mashine ikamkubali. Apple walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, siku iliyofuata baada ya habari kusambaa. Hakuna mfumo ulionusurika.

Hata simu za mkononi zimo, na hapa naomba nisimulie kisa cha Max Kellermann, mtaalamu wa kampuni moja ya huduma za tovuti nchini Ujerumani, kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa aina hii unavyoweza kujificha mbele ya macho ya watu. Mwaka 2021 mteja alilalamika kwamba faili la kumbukumbu za tovuti alilolipakua halifunguki. Kellermann akalitengeneza kwa mkono, akadhani yameisha. Miezi ikapita, malalamiko yakarudi, tena na tena. Alipoyalinganisha mafaili yaliyoharibika akakuta yameharibika kwa namna moja: baiti 8 za mwisho zilikuwa zimefutwa na mahali pake pameandikwa mwanzo wa alama za faili la zip, na mara nyingi faili lenyewe lilikuwa la siku ya mwisho ya mwezi. Ajabu ni kwamba programu iliyotengeneza zip haikuwa na ruhusa ya kuandika katika mafaili yale. Ilikuwa na ruhusa ya kuyasoma tu.

Mwishowe aliandika programu mbili fupi mno. Moja iliandika herufi A katika faili, na ya pili ikalisoma faili hilo kupitia bomba, yaani njia ambayo Linux hutumia kupitishia data kutoka programu moja kwenda nyingine, kisha ikaandika herufi B katika bomba. Herufi B zikaonekana ndani ya faili, na hakuna mtu aliyezituma huko. Kosa lilikuwa ndani ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, kuanzia toleo la 5.8: alama moja iliyopaswa kufutwa kila bomba linapotumika upya ilikuwa haifutwi, na kwa hiyo mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu aliweza kubadilisha yaliyomo katika nakala ya faili iliyo katika kumbukumbu ya kompyuta, hata kama faili ni la root. Aliwaandikia wasimamizi wa Linux tarehe 20 Februari 2022, viraka vikatoka tarehe 23, na tarehe 7 Machi akautangaza udhaifu huo kwa jina la Dirty Pipe. Alikuwa ameujaribu na kuuona pia katika simu ya Pixel 6, maana Android imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Angalia tarehe hizo, Ndugu Mhariri. Waliokitengeneza kiini walitumia siku tatu. Kutoka hapo mpaka kwenye seva ya ofisi au kwenye simu ya mtumiaji ndipo mambo yanapokwama, na kwetu yanakwama zaidi. Kompyuta nyingi maofisini zinaendesha nakala za Windows zisizo halali, na fundi aliyeziweka alizima masasisho ili nakala isije ikagundulika. Nyingine zina leseni halali, lakini masasisho yamezimwa kwa sababu yanamaliza kifurushi cha intaneti. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na CentOS 7, ambayo nimeikuta katika seva nyingi, ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024. Mashine za namna hiyo bado zinafanya kazi, zinawaka vizuri asubuhi, na anayezitumia hana dalili yoyote ya kumwonyesha kwamba matundu mapya yanayogunduliwa hayatazibwa. Halafu iko desturi ambayo inaufanya ukuta wote usiwe na maana, ya kumpa kila mfanyakazi akaunti ya msimamizi ili fundi asisumbuliwe kila mtu anapotaka kuweka programu. Katika ofisi ya namna hiyo mshambuliaji hahitaji udhaifu wowote wa kujipandisha mamlaka. Ameshapandishwa na ofisi.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ombi langu kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kwa wakuu wa taasisi ni kwamba swali la masasisho liulizwe kwa uzito ule ule wa swali la nywila: kiraka cha mfumo endeshi kilitoka lini, na kiliwekwa lini. Siku zilizopita kati ya tarehe hizo mbili zijulikane, na awepo mtu mwenye jina anayewajibika kwazo. Msimamizi wa seva apewe kibali cha kudumu cha kuziba udhaifu wa aina hii ndani ya siku chache, bila kusubiri kikao, na taasisi yenye kompyuta nyingi iwe na seva moja ya kupakua masasisho mara moja na kuyagawa ndani, ili hoja ya kifurushi iishe. Seva ya mazoezi ya wanafunzi isikae pamoja na alama zao hata kama vifaa ni haba; kompyuta kuukuu moja yenye Linux inatosha kwa mazoezi. Matangazo ya udhaifu mkubwa, ambayo mengi tunayasoma kwa Kiingereza, yatolewe pia kwa Kiswahili cha wazi, ili hata karani wa masjala ajue kwa nini fundi anamwomba aizime na kuiwasha kompyuta yake leo na si mwezi ujao.

Na kila chuo kitangaze kwa maandishi mwanafunzi aende kwa nani anapogundua tundu, na kwamba akienda kwa nia njema bila kuchukua wala kuharibu kitu atapokewa. Kijana wangu wa mwaka wa pili alihitimu. Nilipokutana naye mara ya mwisho nilimuuliza kama bado anafuatilia mambo ya usalama wa mifumo, akaniambia aliacha baada ya ile barua ya onyo.

Wako mtiifu,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta,
Morogoro